Shefu wa Mafuta na Robine ya Mvua

Alikuwa akitia mkono kwenye maji. Nikimkumbuka, naona kwanza huo mkono, kabla ya uso wake na kabla ya sauti yake. Mvua ikishakatika, anachuchumaa kwenye ukingo wa beseni la saruji, anamwambia mlinzi afungue robine polepole, na maji yakianza kutoka kwenye bomba anayakinga kwa kiganja, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Anasugua vidole. Ananusa. "Endelea," anasema. Au siku nyingine: "Funga! Funga, nakuambia!" Na mlinzi anafunga mbio, maana mzee huyu akipaza sauti hata mbwa wa jirani walinyamaza. Ajabu yake ni kwamba yeye mwenyewe aliogopa mbwa kupita kiasi. Akimwona mbwa amelala njiani anazunguka nyumba tatu.

Kwa asiyejua: zile transfoma kubwa zinazonguruma nyuma ya seng'enge zimejaa mafuta ndani, mapipa kwa mapipa. Wajenzi wa zamani waliweka chini ya kila moja beseni la saruji, ili siku chuma kikipasuka mafuta yaangukie humo, yasiende kwenye mitaro na visima vya watu. Beseni lina robine, yaani koki ya kutolea maji, kwa sababu mvua ya Katanga haina adabu, inajaza kila kitu. Mtu anafungua, anasimama pale pale akiangalia yanayotoka, kisha anafunga. Anafunga! Neno hilo alilirudia mpaka walinzi wakawa wanamwigiza akigeuza mgongo.

Sisi wa shirika la umeme tulimwita Shefu wa Mafuta, na mimi nilimwita Papa Shefu. Jina lake silitaji hapa. Kwa miaka mingi mtaa wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ulilitaja vibaya, ukalibandika neno mwizi, na mjini kote alikuwepo mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kulibandua. Mtu huyo ni mimi, na nilinyamaza. Naanza kwa kusema hivyo ili mtu asinisikilize akadhani mimi ni msichana mwema anayemsifu mzee wake.

Nilifika kazini nina miaka ishirini na minne, binti wa fundi wa reli, diploma mkononi, viatu vya kisigino miguuni, na kiburi cha kutosha kugawia mtaa. Wafadhili wa kigeni walikuwa wameleta kompyuta mbili na sharti moja: shirika liwe na mpango wa kuzuia mafuta kumwagika, kituo kwa kituo, na mpango huo ukae ndani ya programu, usikae kichwani mwa mtu. Kichwa chenyewe kilikuwa chake. Mkubwa wa kazi akanipeleka kwenye magazini yake, ghala la vifaa, akasema: "Papa, huyu mutoto atatia akili yako yote mu mashini."

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Yote?" akauliza. "Na ile ya kugombana na bibi yangu?"

"Ile hapana, Papa."

"Bon. Basi itabaki nusu tu."

Tulizunguka vituo vyote pamoja, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikiandika. Kila kituo nilikifanyia ukurasa wake: transfoma ngapi, mafuta kiasi gani, mchanga wa kuzuia uko wapi, mtaro unaelekea wapi. Kwenye mtaro ndipo tulipogombana mara ya kwanza. Nilikuwa nimeandika "mtaro wa mashariki." Akaniambia nifute.

"Mutaro haisikie maumivu, mama. Andika muntu. Mafuta ikitoka hapa, inafika kwa nani wa kwanza?"

"Papa Shefu, nitajuaje?"

"Tutafuata maji, tutajua."

Haki ya Mungu, tulifuata maji! Kituo baada ya kituo, tukitembea kando ya mtaro mpaka tunakuta mtu wa kwanza: mama mwenye bustani ya lengalenga, yaani mchicha, mzee mwenye kisima, fundi anayefyatua matofali. Anawasalimu, anawauliza jina, ananigeukia: "Tia." Ndiyo maana programu yangu ilikuwa na safu ambayo sijaiona kwenye programu nyingine yoyote tangu nizaliwe, safu iliyoitwa "Mtu wa kwanza." Mkubwa wa kazi alicheka sana alipoiona. Mimi pia nilicheka, nilipokuwa na mkubwa wa kazi.

Na pua yake je! Pua ile ilikuwa maabara. Miaka ile watu walikuwa wameanza kuiba mafuta ya transfoma na kuyauza sokoni kwa ajili ya kukaangia, maana yanakaa sana motoni na hayaishi upesi. Yeye akitoka kazini alipitia soko la Kampemba, akiinama juu ya vikaango vya akina mama wa mikate ya mafuta, mikono nyuma, ananusa. Wale mama walimjua.

"Papa, unanunua ao unanusa bure?"

"Nanusa kwanza. Padri naye anaonja divai mbele ya bakristu."

Siku moja alinusa kikaango, akanunua mikate yote iliyokuwa mezani, akaenda kuimwaga chooni. Kisha akarudi kumwambia yule mama, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mbele ya wenzake: "Hii mafuta haiishe mu kikaango, mama. Inaendaka kuishia mu tumbo ya batoto." Yule mama akalia. Alikuwa ameuziwa kama mafuta ya mawese yaliyosafishwa. Siku hiyo Papa Shefu alirudi nyumbani bila kitu mfukoni, na nilisikia kesho yake kuwa ile akili ya kugombana na mke wake ilipata kazi.

Transfoma zake alizipa majina. Moja iliitwa Askofu, kwa kuwa ilikuwa nene na haikuwahi kusumbua mtu. Nyingine, ya kituo cha karibu na bustani upande wa Kampemba, aliiita Mama Mukwe. "Ukimugusa sana, analia. Ukimuacha, anakasirika. Unamusalimia kila juma, unatoka na heshima." Mama Mukwe alikuwa akitoka machozi ya mafuta kwenye maungio, matone mawili matatu kwa siku, na mpira wa kuziba haukupatikana popote. Alimfungia matambara, akamwekea kopo la maziwa chini. Kila juma alilimwaga kopo lile kwenye pipa, akaandika kwenye daftari la shule.

Usimletee methali. Mimi nilimletea moja, siku kijana wa magazini alipoangusha ndoo. Nikasema, kama tunavyosema wote, maji yakimwagika hayazoleki. Yoo! Alinigeukia kana kwamba nimetukana. "Nani alisema? Alikuwa muvivu! Mafuta ikimwangika inazoleka, kama mchanga iko karibu na kama ulijua mbele itapita wapi. Bankambo, babu zetu, balisema vile juu hawakukuwa na plan." Akamwonyesha yule kijana namna ya kumwaga mchanga kwa mduara, kutoka nje kuja ndani, mpaka doa lote likawa donge. Halafu akatuambia tumshukuru Mungu kwa mchanga. Tukashukuru.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alidharau karatasi, akisema karatasi inakubali kila kitu unachoiambia, lakini hakuitupa hata moja. Alikuwa na sanduku la bati lililojaa risiti za mchanga. Alichukia uongo kuliko wizi, lakini ukimkaribisha chakula anasema "Nimekula" huku tumbo linamsaliti kwa sauti. Mbele ya wakubwa alikuwa mpole mpaka nikakasirika. Mbele ya walinzi alikuwa simba. Nilimwuliza kwa nini asiwapigie kelele wakubwa. Akasema: "Mukubwa hafunguake robine."

Miaka ile Zaire ilikuwa inaanguka, na sisi tulikuwa ndani. Askari walikuwa wamepora mji, raia wakamalizia milango na madirisha. Wafadhili walipanda ndege wakisema wanarudi wiki mbili tu. Mpaka leo wako njiani. Wenzetu walioitwa si wa hapa walipakiwa kwenye treni na magodoro yao, wakiwemo mafundi wetu wazuri kabisa. Papa Shefu alikwenda stesheni ya gari la moshi kumuaga mchomeleaji wake waliyefanya naye kazi tangu ujana, na akirudi hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu alisema moja: "Mafuta haiulizake kabila." Kisha akachukua baiskeli akaenda vituoni peke yake.

Mishahara ikawa hadithi. Gari la kazi likakosa petroli, halafu likakosa magurudumu, halafu likakosa lenyewe. Na kwenye ofisi ya kompyuta, sisi wa shirika la umeme, hatukuwa na umeme! Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikingoja, na ukirudi naandika kama mwizi kabla haujakatika. Watu walinicheka, lakini ile programu ilikuwa kitu pekee kilichokuwa kinajengwa mahali ambapo kila kitu kilikuwa kinabomolewa. Niliipenda. Niliipenda kuliko ilivyostahili, na hapo ndipo kosa lilipoingilia.

Nieleze kosa lenyewe vizuri. Kila Ijumaa walinzi walinijazia fomu, kituo kwa kituo, na swali moja lilikuwa hili: beseni lina maji? Wakijibu ndiyo, programu inatoa neno ANGALIA. Wakijibu hapana, inatoa SAWA. Mimi nilifikiri hivi: beseni tupu lina nafasi ya kupokea mafuta, basi beseni tupu ni zuri. Ungenipa diploma ya pili kwa akili ile. Mkubwa wa kazi akapenda karatasi zangu mpaka akatoa amri kwamba, kwa kuwa petroli hakuna na mashini ipo, Papa Shefu asizunguke tena vituo. Asaini karatasi ya Ijumaa, inatosha.

Ilikuwa katikati ya masika yetu, mwezi wa kwanza, mvua usiku na mchana. Papa Shefu aliishika karatasi, akaisoma, akaja kwenye meza yangu.

"Mama, kwa Mama Mukwe basini iko kavu?"

"Ndiyo, Papa. Juma tatu sasa. SAWA."

"Mvua inanyesha juma tatu, basini iko kavu?"

"Walinzi wanaitoa maji, Papa Shefu."

"Balinzi?" Akacheka bila furaha. "Balinzi beko ku mashamba yabo, hawalipwe. Sikia. Basini kavu mu mvua, hiyo njo mugonjwa. Banaacha robine wazi, maji inajitokea yenyewe, na beye banalala. Siku transfo itapasuka, mafuta itapita mulemule. Tia swali ingine: robine iko ya kufunga ao hapana?"

Alikuwa na haki. Nilijua palepale kuwa ana haki, na moyo wangu ukauma kwa hasira, maana swali hilo moja lingegeuza SAWA zangu zote kuwa ANGALIA, na Jumatatu mkubwa wa kazi alikuwa anawaandikia wafadhili huko kwao barua kwamba mpango umekamilika. Nikamwambia: "Nitaitia juma yenye kukuya, Papa."

"Juma yenye kukuya," akasema. Goti lilikuwa limemvimba juma lile, alitembea akishika kuta. Akasaini, akaenda nyumbani.

Mama Mukwe alipasuka Jumapili. Jumatatu asubuhi nilimkuta Papa Shefu kituoni, amesimama ndani ya seng'enge, suruali imelowa mafuta mpaka magotini. Beseni lilikuwa kavu, lina utando tu unaong'aa. Robine ilikuwa wazi. Akaniita kwa kidole, akanionyesha mpini wake: majani yalikuwa yameota juu yake, yameuzunguka na kuufunga kama kamba. Robine ile haikuguswa kwa majuma mengi.

"Unaona hii majani?"

"Naona, Papa."

"Uikumbuke."

Kisha akaishika kwa mikono miwili, akayakata majani kwa kuizungusha, akaifunga. Angefanya nini? Mafuta yalikuwa bado yanadondoka. Alifunga kwa kuwa ndiyo kazi yake, na kwa kuifunga akauharibu ushahidi pekee aliokuwa nao. Tulifuata mtaro mpaka kwa mtu wa kwanza, yule mama wa lengalenga. Bustani ilikuwa nyeusi. Watu walikuwa wanachota mafuta kwa ndoo kwa ajili ya sokoni, na mama mwenyewe amekaa juu ya tuta, hachoti. Papa Shefu alimsalimu kwa jina. Hakuitikia.

Baada ya siku tatu wakaja mabwana watatu wa tume, wakakaa nyuma ya meza. Walikuwa na karatasi yangu ya Ijumaa: beseni tupu, SAWA, saini. Hesabu yao ilikuwa fupi. Kama Ijumaa kila kitu kilikuwa sawa na Jumapili robine ilikuwa wazi, basi kuna mtu aliyeifungua katikati, ili mafuta yatoke yauzwe. Na funguo za kituo zilikuwa na nani? Papa Shefu akawaambia habari ya majani. Wakatazamana. Akasema: "Muulize huyu mutoto. Alikuwa pale."

Wakanigeukia. Mkubwa wa kazi alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nyumbani baba yangu alikuwa na mwaka mzima bila mshahara wa reli, na wadogo zangu wanne walikuwa wanakula mkononi mwangu. Nayasema haya si kwa kujitetea. Nayasema kwa sababu ndiyo niliyoyafikiria.

"Mademoiselle, uliona majani?"

"Sikuangalia vizuri."

"Na hii mashini yako, inaweza kukosea?"

"Hapana," nikasema. "Mashini haikosei."

Papa Shefu hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama kopo lililojaa. "Bon," akasema. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza, akatoka akishika ukuta.

Swali la robine nilikuja kulitia usiku wa siku ileile, peke yangu, bila kumwambia mtu. Lilinichukua dakika kumi.

Hakufungwa, wakati ule hata magereza yalikuwa hayana wa kuyaendesha. Alifukuzwa tu, akatolewa kwenye nyumba ya shirika, akahamia parseli ndogo, yaani kiwanja chenye nyumba, Kampemba, nyuma ya soko, kati ya akina mama walewale wa vikaango. Ebu fikiri. Mtu aliyekuwa akinusa mafuta yao sasa wanaambiwa ndiye aliyekuwa akiyauza. Watoto walimwimbia njiani. Alikuwa kiongozi wa jumuiya yao ya sala, ile inayokusanyika Jumamosi kila wiki kwenye parseli ya mtu mmoja. Wakamwomba kwa upole aache, akaacha. Haya yote nilisikia. Lubumbashi ni kubwa kwa kutembea, ni ndogo kwa maneno.

Vita ikaja, bendera ikabadilika, nchi ikabadilishwa jina. Mimi nikaacha shirika, nikafungua ofisi yangu mtaa wa Bel-Air, nikitengenezea makampuni programu. Kwa miaka kumi na miwili sikupita barabara ya nyuma ya soko. Nilizunguka. Na niseme kweli, nilimkosa sana. Kila mara nilipopata kazi nzuri nilijikuta nataka kumwonyesha mtu, na mtu niliyetaka kumwonyesha ni yeye. Nilikosa ule ubishi wake, ile "Tia" yake, na harufu ya magazini yake ya mchanga na chuma.

Halafu kampuni moja ya umeme wa migodini ikaniomba programu. Ya nini? Ya mipango ya kuzuia mafuta kumwagika. Nikakaa, nikaandika swali la kwanza, la robine, na nikashindwa kuandika la pili. Siku nzima. Jumamosi yake, baada ya chakula cha mchana, nikaenda Kampemba.

Nilimkuta uani, juu ya kiti cha plastiki, amevaa fulana, miguu ndani ya ndoo ya maji moto. Alikuwa amepungua, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Eh! Mashini imekuya," akasema.

"Jambo, Papa Shefu."

"Ikala," akasema, akinionyesha kigoda. "Goti yangu hii, usiiulize, iko mubaya." Akaniuliza habari za baba. Nikamwambia alikufa. Akanipa pole, akaniacha nihangaike. Alijua. Mzee yule alijua kungoja kuliko mtu yeyote.

"Papa, yale majani niliyaona," nikasema. "Niliyaona vizuri. Na mashini ilikuwa inakosea, uliniambia mbele na sikutia swali. Nilidanganya. Nilikuja kuomba musamaha." Nikaanza kulia, na nikachukia kulia kwangu, maana si mimi niliyetukanwa njiani miaka yote ile.

Alitoa mguu mmoja kwenye ndoo, akaukausha taratibu, kisha wa pili.

"Nilikukasirikia sana, mama. Usifikiri nilikuwa mutakatifu. Nilikulaani mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa siku ya ndoa ya binti yangu, nikasahau." Akainua kichwa. "Sema tena. Lakini kwa sauti. Bibi yangu iko ku jikoni."

"Papa..."

"Sema."

Nikasema tena, kwa sauti. Kelele za vyombo jikoni zikakoma. Mke wake akatoka, mikono ina unga wa bukari, ugali wetu, akasimama mbele yangu. Sikuwahi kumwona mpaka siku ile. Akaniomba niseme mara nyingine, nikasema. Halafu hakunigeukia mimi. Alimgeukia mumewe.

"Miaka yote hii," akasema, "kila jioni nilikuwa naomba Mungu akusamehe ju ya ile mafuta. Mbele yako. Na ulikuwa unajibu Amina."

"Ningefanya nini?" akasema Papa Shefu. "Nilikuambia mara ya kwanza sikuiba, hukuamini. Nikikataa Amina, sala inarefuka, bukari inapola."

Nilidhani mke wake atacheka. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akanishika bega, na bega lile liliniuma mpaka kesho yake.

"Wewe haurudi kwako sasa," akasema. "Jumuiya inakuya hapa kwetu saa kumi. Tangu siku ile huyu anaikala nyuma, karibu na mulango ya choo. Mu parseli yake mwenyewe anaikala nyuma. Utasema mbele yabo."

Nikamtazama Papa Shefu, nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba ataniokoa. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshaingia ndani.

Watu wakaja na viti vyao na rozari zao, akina mama wa sokoni, mzee wa sala, vijana wawili. Walinisalimu kama mgeni. Mke wake akachukua kile kiti cha plastiki, akakibeba mpaka mbele, karibu na meza yenye msalaba, akakiweka pale bila kueleza mtu. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha mlango ukafunguliwa na Papa Shefu akatoka. Alikuwa amevaa koti la suti na tai, amejipaka maji nywele, viatu vyeusi vimefungwa kamba. Lile koti lilikuwa linamning'inia mabegani. Alitembea polepole katikati yao, akakifikia kile kiti, akaweka mkono juu ya egemeo lake, lakini hakukaa.

"Papa, ikala," mke wake akamwambia.

"Hapana," akasema. "Kwanza aseme."

Nikasimama. Nikawasalimu, nikawaambia jina langu, langu na la baba yangu, na kazi niliyokuwa nikifanya. Kisha nikaanza na yale majani.